Picha Zilizokataa Kufunguka

Mapigano ya mlimani yalipotulia, katikati ya mwaka wa elfu mbili na nane, watu walianza kutafutana. Wengine walikuwa wameteremkia Endebess na Kitale, wengine Kimilili na Bungoma, na katika kukimbia kule watoto wengi waliachana na wazazi wao njiani. Kanisa moja la Kitale na kamati ya msikiti walikaa pamoja, wakaanzisha kazi ndogo ya kuwatafutia watoto hao wazazi wao, wakamweka Pasta Festus aisimamie. Pasta Festus naye alihitaji mtu wa kompyuta, akaelekezwa kwa Nasro.

Nasro alikuwa binti wa Mzee Issack, muuza mataili aliyejulikana na madereva wote wa Kitale. Alikuwa amesomea kompyuta Nairobi, akarudi nyumbani kwa sababu hakupenda kelele za kule. Hakuwa msemaji. Wapo waliomwona ana majivuno, lakini alikuwa tu mtu ambaye jambo likimshika, mengine yote humtoka kichwani mpaka limwachie. Mapigano yenyewe hayakuwa ya watu wake, na hilo lilimfurahisha Pasta, kwa maana hakuna ambaye angesema binti huyu ameegemea upande fulani. Nasro mwenyewe aliichukulia kazi vivyo hivyo. Yake ilikuwa programu. Habari za nani alimchomea nani nyumba aliwaachia wenyewe.

Programu ilikuwa hivi. Vivian, msichana aliyefanya kazi na kamati kule Endebess, aliwapiga picha watoto waliookotwa bila wazazi. Picha zililetwa Kitale, zikawekwa kwenye seva, kompyuta inayohifadhi yote, pamoja na maelezo machache: umri wa kukisia, nguo, mahali mtoto alipopatikana. Upande wa pili, Bungoma na Kimilili, kulikuwa na wazee waliojitolea kuzunguka kwenye maboma yaliyowapokea wakimbizi. Kila mmoja alipewa simu ya vitufe yenye kioo cha rangi, na ndani yake programu ambayo Nasro aliiandika mwenyewe. Mzee akiifungua anasoma maelezo ya mtoto, anabonyeza, picha inashuka kutoka kwenye mtandao.

Picha ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, kwa sababu majina yalisaidia kidogo sana. Mtoto mdogo hutaja jina lake jinsi anavyolisikia nyumbani, na anayeandika huandika jinsi anavyolisikia yeye. Nelima wa Bungoma akiandikwa Nerima kule Endebess, kompyuta huona watu wawili tofauti. Uso hauna tahajia.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Watoto kadhaa walichukuliwa na wazazi wao. Halafu Mwalimu Absalom akapiga simu kutoka Bungoma. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya gwaride.

"Nasro, hii kitu imekataa."

"Imekataa nini, Mwalimu?"

"Picha. Zingine zinafunguka, zingine inaniambia ati picha haipatikani. Jana nimekaa kwa boma ya watu, nabonyeza, nabonyeza, wananiangalia tu kama mwongo."

Nasro aliitazama kompyuta yake. Ndani yake kulikuwa na simu ya mfano, simu ya kuchorwa kwenye kioo, ambayo alijaribia programu kabla ya kuipeleka kwa wazee. Alizifungua picha ambazo Mwalimu alizitaja, moja baada ya nyingine. Zote zilifunguka. Akazijaribu kwenye simu ya Pasta Festus, ambayo haikuwa ya aina ile ya wazee, na hapo pia zikafunguka.

"Huku ziko sawa. Hiyo itakuwa ni netiwaki. Jaribu kusimama mahali pa wazi."

Mwalimu Absalom alisimama mahali pa wazi. Akapanda mpaka karibu na mnara wa simu, akasimama chini yake akiwa ameinua mkono juu, watu wakipita wakimshangaa. Siku iliyofuata akapiga tena.

"Zile zinafunguka, zinafunguka kila mahali," alisema. "Zile zinakataa, zinakataa kila mahali, hata chini ya mnara. Si ingekuwa ni netiwaki, ingekuwa inachanganya?"

Nasro hakupenda kukosolewa, lakini alipenda hesabu iliyonyooka, na hii ilikuwa imenyooka. Aliurudia msimbo wa programu mstari kwa mstari, na akaona jambo lililompandisha joto usoni. Programu yake ilikuwa na jibu moja kwa kila tatizo. Mtandao ukikatika, ilisema picha haipatikani. Kumbukumbu ya simu ikijaa, ilisema picha haipatikani. Lolote likitokea, picha haipatikani. Ilikuwa kama mgonjwa ambaye kila akiulizwa panapouma hujibu naumwa.

Akaibadilisha. Picha haisafiri ikiwa picha. Hubanwa, ikawa mfululizo mrefu wa namba, na simu ikishaupokea mfululizo ule lazima iufumbue ndipo uso uonekane. Kwa hiyo Nasro aliifundisha programu kusema kila hatua kivyake: namba hazikufika zote, au zimefika lakini simu haina nafasi, au zimefika, nafasi ipo, lakini simu imeshindwa kuzifumbua. Mwalimu akapakua toleo jipya, akajaribu, akapiga simu.

"Sasa inasema picha imefika nzima lakini simu haiwezi kuifumbua."

"Zote zinasema hivyo?"

"Zote zile zinakataa. Sasa hiyo ni habari nzuri ama mbaya?"

"Ni habari," alisema Nasro.

Mtandao ukaondolewa lawama. Nafasi nayo ikaondolewa. Zilibaki picha zenyewe, na hapo Nasro alikumbuka kwamba zile zinazokataa zote ni za karibuni, na kwamba karibuni Vivian alikuwa amepewa kamera mpya, inayotoa picha kubwa mno kwa simu. Kwa sababu hiyo picha hazikuwa zikija tena moja kwa moja. Zilipitia kwanza kwa Waithaka, mwenye studio ng'ambo ya barabara, ambaye aliikubalia kamati kuzikata na kuzipunguza bila malipo. Nasro alishuku kamera. Akamwomba Waithaka azipunguze zaidi. Waithaka akazipunguza mpaka zikawa ndogo kama stempu. Zikakataa. Na picha za zamani, kubwa kuliko hizo mara kadhaa, ziliendelea kufunguka bila matatizo.

Hapo alikwama. Mamake, Hawo, alimwona akila bila kujua anakula nini.

"Wewe na hiyo kitu mmekosana?" aliuliza mama.

"Haiongei," alijibu Nasro.

Ndipo Mwalimu Absalom alipopiga tena, na safari hii hakuanza na malalamiko.

"Kuna mama hapa kwangu. Anaitwa Nekoye. Amepotelewa na msichana, Nelima, miaka minne. Nimemsomea maelezo ya mtoto mmoja wa Endebess: msichana, kama miaka minne, haongei tangu apatikane, sweta ya manjano iko na mfuko mmoja mbele. Huyu mama anasema ile sweta alishona mfuko yeye mwenyewe. Sasa nabonyeza picha, inakataa. Kila asubuhi akiamka anakuja kukaa kwa mlango yangu. Sina la kumwambia. Nasro, afadhali uje."

Pasta Festus alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza. Mzazi hapelekwi Endebess kabla ya kuona picha. Mwanzoni walimpeleka mama mmoja kwa maelezo matupu. Mtoto akamkimbilia, mama akaona si wake, na kilio cha wawili wale Pasta hakutaka kukisikia tena maishani. Kwa hiyo Nasro alifunga begi lake, akaweka kompyuta ya mkononi ya ofisi na waya zake, akaondoka kwenda Bungoma kuishika ile simu kwa mikono yake mwenyewe.

Alimkuta Mwalimu Absalom ukumbini kwake, na wanawake wawili wameketi kwenye kochi. Mmoja alikuwa mnene, amejifunga leso kiunoni, naye ndiye aliyejibu salamu kwa wote wawili. Huyo alikuwa dada mtu. Nekoye mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye macho yaliyozama, na mikono yake haikutulia. Alikuwa akikunjakunja upindo wa rinda lake, anaukunjua, anaukunja tena.

"Mami, wewe ndiye umekuja na picha?" aliuliza Nekoye.

"Nimekuja kutengeneza simu, ili picha ifunguke," alisema Nasro.

Mwalimu Absalom alimtazama. "Si ungeleta tu ile ya karatasi?"

"Ya karatasi?"

"Si huko kuna studio? Unaprinti, unabeba kwa begi."

Nasro alilitazama begi lake. Kwa muda wote ule, huku Waithaka akiwa ng'ambo ya barabara na mashine zake za kutoa picha, wazo lile halikuwa limempitia kabisa. Alikuwa amefikiria simu, na kamera, na namba. Mtu aliyekaa mlangoni pa Mwalimu hakuwa ndani ya hesabu. Alisema ukweli.

"Sikufikiria."

Dada mtu aliguna.

"Hii kompyuta yangu haina mtandao, lakini mjini kuna saiba," Nasro aliongeza haraka. "Kompyuta za huko zitaifungua. Twendeni sasa hivi."

Waliondoka kwa baiskeli za abiria, kila mmoja amebebwa na mwendeshaji wake, Mwalimu mbele akiwa amekaa wima kama yuko kwenye kiti cha mkutano. Kwenye saiba kulikuwa na kompyuta chache na mtandao uliokwenda kwa kujikokota. Nasro alikaa mbele ya mashine, Nekoye akavutiwa kiti kando yake, Mwalimu na dada mtu wakasimama nyuma.

Ili kuona kama seva inapatikana, Nasro alifungua kwanza picha ya zamani, mojawapo ya zile zisizosumbua simu. Ilishuka polepole kama pazia linaloteremshwa: kwanza ukanda wa mabati ya paa, kisha ukuta, kisha nywele za mtoto, paji la uso, macho. Hiyo haikuwa ya mtu yeyote pale. Akaifunga, akabonyeza ile nyingine.

Hii haikuja vile. Ilitokea yote kwa pamoja, nzima kutoka juu hadi chini, ila ilikuwa ukungu mtupu. Mabaka ya rangi. Juu kijani, katikati baka kubwa la manjano, na juu ya manjano baka jeusi la duara.

Nekoye alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ni yeye!" alisema. "Nelima! Ni yeye, ni sweta yake! Mwalimu, ni yeye!"

Dada mtu alianza kulia kwa sauti. Watu wa kompyuta nyingine waligeuka. Nasro hakugeuka. Alikuwa akitazama kioo, na picha ilikuwa ikijirudia, kila mara ikiwa safi zaidi kidogo, kama mtu anayefuta dirisha lenye mvuke. Mfuko wa sweta ukaonekana. Kidevu kikaonekana. Na mara Nasro akajua. Picha za zamani zilishuka kutoka juu kwenda chini. Hizi zilikuja kwa tabaka, ukungu kwanza, usafi baadaye. Zilikuwa zimebanwa kwa mitindo miwili. Kompyuta inaijua yote miwili, na simu ile ya mfano ilikuwa inaazima akili ya kompyuta. Simu za wazee zilijua mmoja tu.

"Nimeipata!" alisema kwa nguvu, na akapiga meza.

Alipogeuka, aliona kwamba Nekoye ameketi chini sakafuni.

Uso ulikuwa umekamilika kwenye kioo. Msichana mdogo, kichwa kikubwa kidogo, jicho moja limekunjwa kwa jua. Ukungu ulipoondoka, Nelima aliondoka nao.

"Si yeye," alisema Nekoye.

Mwenye saiba alikiinua kile kiti, akakisimamisha taratibu, akarudi mahali pake. Nasro alitamani kulirudisha lile neno lake mdomoni. Mkono wake uliopiga meza bado ulikuwa ukiwasha.

Baada ya muda Nekoye alijivuta akaketi tena. Alitazama kioo kwa karibu, kama anayesoma.

"Huyu ninamjua," alisema. "Ni Chebet. Mtoto wa Kemboi, jirani yetu kule juu."

Dada yake alimshika bega. "Nekoye. Nyamaza."

"Ni Chebet."

"Nimesema nyamaza. Hao ndio walitufanyia hivyo. Mtoto wako wamekutafutia? Wacha watafute wenyewe." Alikuwa akisema chini chini, kwa lugha yao, lakini Mwalimu alisikia, na baadaye alimweleza Nasro.

Nekoye aliuondoa mkono ule begani, bila hasira, jinsi mtu anavyoondoa jani.

"Kemboi hajatufanyia kitu. Na huyu ni mtoto." Akamgeukia Mwalimu. "Andika. Anaitwa Chebet. Baba yake ni Kemboi, alikuwa anabeba maziwa kupeleka Kitale. Mama yake ni Sally. Haongei kwa sababu hakuna mtu anaongea naye kwa lugha yake, ama ni kwa sababu ameogopa. Si bubu. Kwao alikuwa na kelele sana."

Mwalimu aliandika. Kisha akaiinua kalamu.

"Lakini mama Nelima, hii sweta. Si ulisema mfuko ulishona wewe?"

"Ndiyo. Ni ya Nelima."

"Sasa imefikaje kwa huyu?"

Nekoye alitazama tena. Nasro aliona mikono yake ikitulia juu ya rinda kwa mara ya kwanza tangu wakutane.

Siku ile ya vita, alieleza, alikuwa ameteremka sokoni Kimilili na mahindi mabichi. Alimwacha Nelima kwa Sally, kama kawaida. Watoto wale wawili walikuwa wakishinda pamoja, wakilala popote usingizi ulipowakuta. Jioni barabara ilifungwa, na hakurudi tena. Alipouliza aliambiwa kwamba nyumba zote za upande ule zimehamwa, na watu wa Kemboi wamekwenda kusikojulikana. Waliowaona wakiondoka walisema wana watoto wao tu, kwa hiyo yeye aliamini kwamba Nelima alikimbia peke yake. Hakuna aliyedhani vinginevyo.

"Wakilowa, Sally huwa anabadilisha nguo, anavalisha yoyote," alisema polepole. "Hana ubaguzi wa nguo. Kama Chebet alivaa ya Nelima, basi Nelima alivaa ya Chebet. Basi Nelima alikuwa ndani ya nyumba, labda Sally akambeba yeye." Akamshika Nasro mkono, kwa nguvu. "Mami, mtoto aliyebebwa na mama mwingine, mnampiga picha?"

Nasro alifikiria. "Hapana," alisema. "Tunapiga wale hawana mtu. Akiwa na mama, anahesabiwa ni wa huyo mama."

Kabla ya kuondoka pale, Nasro alifanya kile alichotakiwa kufanya. Aliifungua picha ya Chebet katika programu ya kuchorea iliyokuja na kompyuta ile, akaihifadhi upya kwa mtindo wa kawaida, akaipandisha kwenye seva. Mwalimu Absalom alibonyeza simu yake. Picha ilishuka mara moja, safi.

"Imefunguka!" alisema Mwalimu, akawainulia wenzake ile simu waione. Wanawake walikuwa tayari wako mlangoni.

Kitale, Nasro alikwenda moja kwa moja studio. Waithaka alikuwa akikata picha za pasipoti.

"Niaje, Nasro. Zimefunguka?"

"Zile picha za Vivian. Ukihifadhi, kuna kitu huwa unachagua?"

Waithaka alimwonyesha. Kulikuwa na kisanduku kidogo kwenye programu yake, na ndani yake alama ya vema.

"Hii niliwasha juu ya wateja wangu wanaotumiana picha za harusi," alisema. "Ukiweka hapa, kwa saiba picha inatokea yote saa hiyo hiyo, hata kama haijakuwa safi. Mtu hachoki kungoja. Kwani ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni simu zetu haziijui."

Aliiondoa alama, na wakaanza kuzihifadhi upya zote, Waithaka kwenye mashine yake na Nasro kwenye ya ofisi. Nasro hakuridhika na hilo pekee. Aliandika kipande kingine cha programu kwenye seva, ili picha yoyote itakayoingia, iwe imebanwa kwa mtindo gani, igeuzwe kwanza ndipo ikabidhiwe simu. Studio ingeweza kubadili kitu kingine kesho, na Vivian angeweza kuletewa kamera nyingine. Alimwambia Pasta Festus kwamba kuanzia sasa simu moja ya aina ile itabaki ofisini, hata kama mzee mmoja atakosa. Pasta alikubali, kisha akamuuliza habari za Kemboi.

Mchukuzi wa maziwa hapotei kirahisi. Pasta aliulizia kwenye vituo vya maziwa, na haikuchukua muda akaambiwa kwamba Kemboi anabeba magunia kwenye ghala la nafaka pale pale mjini. Nasro alifuatana na Pasta, amebeba ile simu. Walimkuta amekaa juu ya gunia anakunywa chai ya kikombe cha bati, mwanamume mrefu mwenye vumbi la mahindi mpaka kwenye kope.

Pasta alimweleza kwa uangalifu, neno baada ya neno. Nasro alibonyeza, akasubiri, akamnyooshea simu.

Kemboi alitazama. Akaiweka chai chini. Akainuka akaenda kwenye mfereji ulio nyuma ya ghala, akafungua maji, akanawa uso, na akakaa huko kwa muda maji yakimwagika bure. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya kawaida.

"Tuliambiwa amebebwa na watu walioteremka Bungoma," alisema. "Nimetuma watu huko mara nyingi. Kumbe yuko Endebess? Endebess hapa?"

"Hapa tu," alisema Pasta. "Na mtoto wa Nekoye?"

"Nelima yuko kwetu. Sally alikimbia na watoto hadi kwa kaka yake, mbele ya Kapenguria. Alikuwa anashika yule aliye karibu, si unajua? Ilikuwa moshi. Kule akahesabu watoto, hesabu ikatosha. Ni kulipokucha akaona yule amevaa nguo za Chebet si wake." Alikiokota kikombe chake cha chai. "Tulitaka kumpeleka mtoto wa watu kwao. Lakini mimi, nipite Bungoma nimebeba mtoto wao, niseme nini? Nani atangoja nimalize kusema?"

Pasta alimwambia kwamba watakutana kwake kanisani, si Bungoma.

Walikutana Jumamosi, katika ua wa kanisa la Pasta Festus. Vivian alimleta Chebet kutoka Endebess. Nekoye alikuja na Mwalimu Absalom. Dada yake hakuja. Kemboi na Sally waliingia mwisho, Sally akiwa na mtoto mgongoni na wengine wamemshika gauni, na kati ya hao alikuwamo Nelima, kichwa kimenyolewa, amevaa sare ya shule iliyompwaya.

Chebet alimwona mama yake, akapiga yowe moja refu. Vivian, ambaye hakuwahi kusikia sauti yake, alishtuka akarudi nyuma.

Kwa Nelima haikuwa hivyo. Nekoye alichuchumaa, akamnyooshea mikono, akamwita kwa jina. Mtoto alimtazama, kisha akajificha nyuma ya gauni la Sally na kusema kitu kwa lugha ya akina Sally. Nekoye alibaki vile vile, mikono mbele.

"Anasema nini?" aliuliza.

Sally alikuwa akilia huku amemkumbatia Chebet. "Anauliza kama ni wewe kweli. Miezi yote hii nilikuwa namwambia utakuja. Sasa hakuamini tena." Akamgeukia Nelima, akamwambia neno kwa upole, akamsukuma kidogo.

Nelima alikwenda hatua chache, akasimama, akaenda tena. Alipofika karibu hakumkumbatia mama yake. Alikaa chini mbele yake, akaanza kumwonyesha kidonda cha zamani gotini, akieleza kwa lugha ambayo Nekoye alielewa nusu tu. Nekoye alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa mahali panapofaa. Kisha akamnyanyua.

Nasro aliwatazama akiwa amesimama karibu na tangi la maji. Hakulia, hakuwa mtu wa kulia. Lakini Mwalimu Absalom alipomkaribia kumwambia kwamba ile simu yake sasa inakwenda vizuri, hakumjibu kuhusu simu.

"Mwalimu," alisema, "kuna wangapi wengine kama huyu? Wale wamebebwa na mama wengine, tunawahesabu kama wana wao?"

"Hao siwezi kujua."

"Mimi pia. Hawako kwa seva."

Jumatatu alimwomba Vivian aanze kuwapiga picha hata watoto walio na watu, na kuuliza kila mama, kwa heshima, kama wote alionao ni wake. Baadhi ya wanawake walikasirika. Wengine walimwonyesha kwa kidole mtoto aliyekuwa akicheza na wengine.

Nekoye hakurudi Bungoma kukaa kwa dada yake. Alipata chumba Kitale, nyuma ya maghala, na Sally alipokuja mjini alifikia kwake. Picha zile zilizokuwa zikikataa zilizunguka Kimilili na Bungoma zikifunguka kila mahali zilipobonyezwa. Nyingi zilipata wenyewe. Chache hazikupata, na kamati ilipofungwa mwaka uliofuata, Nasro hakuizima ile seva. Aliihamishia nyuma ya duka la baba yake, kati ya mataili, akaiacha ikiwaka.